King Kibadeni: Mfungaji Aliyegeuka Mwalimu

Kalamu hii naishika kwa sababu ya ugomvi. Muhula uliopita mshambuliaji wetu wa kutegemewa, yule wa Kidato cha Tatu ambaye jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe amenikataza, aliumia goti katika mchezo wa kirafiki. Uwanja wetu mnaujua. Juu ni mchanga, chini ya mchanga kuna mawe na visiki vya mathenge, na korongo hawaondoki mpaka mpira uwafuate. Alipoambiwa apumzike hadi mwaka ujao, aliketi kivulini siku kadhaa bila kusema na mtu. Mwalimu wa michezo akamwambia, "Basi njoo unisaidie kuwafundisha hawa wadogo." Hapo ndipo vita vya maneno vikaanza. Baadhi yetu walisema hiyo ni heshima kubwa. Wengine wakacheka, wakasema mfungaji kupewa filimbi ni sawa na simba kupewa majani atafune. Eti kazi ya mfungaji ni kufunga, na asipoweza kufunga basi aende nyumbani akanywe chai.

Mimi mwenyewe, nakiri mbele ya walimu wangu, nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Lakini baadaye nilimwona yule ndugu yetu akiangalia wenzake wakicheza, na uso wake haukuwa uso wa mtu wa kuchekwa. Nikaanza kuuliza na kusoma habari za wachezaji wa mbele waliogeuka makocha, si wa Ulaya peke yao bali wa huku kwetu Afrika Mashariki. Kila nilipopita nilikutana na jina moja: Abdallah Kibadeni wa Tanzania, ambaye mashabiki wa Dar es Salaam humwita "King", na wengine humwita "Mputa". Makala haya ni yake.

Kabla hatujafika mbali, tuelewane kwanza juu ya Simba na Yanga, maana kuna wenzetu wa Ifo na Hagadera wanaojua benchi zima la Arsenal lakini ukiwatajia Simba wanafikiria yule wa mbugani. Yanga, yaani Young Africans, ilianzishwa 1935. Simba ilianzishwa 1936. Zote ni za Dar es Salaam, na makao yao yako karibu karibu pale Kariakoo. Chukua pambano la Gor Mahia na AFC Leopards unavyolijua, ulizidishe mara mbili, ndipo utapata picha. Watanzania huziita timu hizi watani wa jadi. Utani kule ni jambo la mila: makabila yenye utani huchekana na kusimangana hata msibani, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kwa hiyo Yanga akifungwa, Simba anacheka mwaka mzima, na aliyefungwa hana budi kuvumilia mpaka zamu yake ifike.

Na zamu ya Simba kuvumilia ilikuwa ndefu. Tarehe 1 Juni 1968, wakati Simba bado inaitwa Sunderland, Yanga waliichapa mabao 5 kwa 0. Tano bila! Jina la Sunderland liliachwa 1971, klabu ikajiita Simba, lakini yale matano hayakufutika kwa kubadili jina. Agosti 1974 wakakutana tena mjini Mwanza, katika uwanja wa Nyamagana, kutafuta bingwa wa taifa. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu. Zikiwa zimebaki dakika tatu hivi mchezo kwisha, Gibson Sembuli akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara akaongeza la pili, Yanga wakaondoka na ubingwa. Wazee wa Tanzania wanaweza kukusimulia mchezo huo kama vile ulichezwa juzi.

Ndani ya kizazi hicho cha Simba ndimo alimokuwa Kibadeni. Alizaliwa 1949 na alikulia Dar es Salaam, akaichezea Simba na timu ya taifa, Taifa Stars. Msidhani ilikuwa timu ya kuonewa. Mwaka huo huo wa 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, baada ya kuwatoa Hearts of Oak wa Ghana, ikaja kutolewa kwa penalti na Mehalla wa Misri. Mwaka huo huo tena ikatwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati. Kisha kuanzia 1976 hadi 1980 ikachukua ubingwa wa Tanzania miaka mitano mfululizo. Lakini utani hauhesabu vikombe. Mtu wa Yanga ulimtajia Misri na Ghana, yeye anakuinulia vidole vitano tu.

Siku ya kulipa ilikuwa tarehe 19 Julai 1977.

Dakika ya 10 Kibadeni alifunga la kwanza. Dakika ya 20 beki wa Yanga, Selemani Sanga, akajifunga mwenyewe katika kuhangaika. Dakika ya 42 Kibadeni akafunga la pili lake. Hebu tulieni hapo kidogo, maana mchezaji yeyote anajua uchungu wa bao la dakika ya 42. Mmeshaanza kufikiria maji ya mapumziko, mnasema moyoni mbili si nyingi, tutarudi, na kumbe mnaingia kupumzika mkiwa na tatu. Kipindi cha pili Jumanne Hassan, aliyejulikana kwa jina la Masimenti, akafunga mawili, dakika ya 60 na ya 73. Ikawa tano. Deni la 1968 limelipwa, tena sawasawa, hesabu haina hitilafu. Timu nyingine ingeanza kupigiana pasi za maringo ingojee filimbi. Kibadeni hakungoja. Dakika ya 89 akafunga la sita, na hilo la sita ndilo faida juu ya deni.

Mabao matatu ya mtu mmoja katika mechi ya watani! Ili muone uzito wake, angalieni michezo iliyofuata. Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5 kwa 0. Mabao yaligawanywa kwa watu wanne, na Emmanuel Okwi alipata mawili. Novemba 2023 Yanga nao wakaifunga Simba 5 kwa 1. Max Nzengeli akapata mawili. Hata siku ambazo milango ilikuwa wazi namna hiyo, hakuna aliyefika matatu.

Nimejiuliza kwa nini wazee wengi wa Kenya wanamjua Joe Kadenge vizuri sana, wa "Kadenge na mpira" ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, lakini Kibadeni hawamtaji. Nadhani siasa ilichangia. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Miaka ambayo Kibadeni anang'ara ndiyo miaka ambayo majirani hawakutembeleana. Sisi wa hapa Dadaab tunafahamu kuliko wengi jinsi mpaka unavyoweza kukukosesha habari za jirani yako.

Sasa tuje kwenye hoja iliyotugombanisha. Mtu wa namna hii, aliyezoea kelele za uwanja mzima zikitaja jina lake, anawezaje kusimama kando ya mstari na kuwaachia wengine wafunge?

Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Nitatoa mfano wa bombani. Mfungaji ni kama mtu aliye mbele kabisa ya foleni ya maji. Haoni kitu kingine ila bomba na dumu lake, wala hatakiwi kuona kingine, maana akigeuka nyuma tu mwingine ameshaweka dumu. Kocha ni yule anayesimama pembeni. Yeye anaona foleni yote: nani amechoka, nani ameruka zamu, dumu la nani linavuja, na nani atazua ugomvi baada ya dakika kumi. Mfungaji mzuri anatakiwa awe na uchoyo kidogo. Kocha mwenye uchoyo ameharibu timu. Tena mfungaji akikosea mara tisa akafunga ya kumi, tunambeba mabegani. Kocha akipatia mara tisa akakosea ya kumi, tunamtafutia nauli.

Lakini mfungaji ana kitu kimoja ambacho beki hana. Amekaa miaka mingi akiwasoma mabeki. Anajua beki anapogeuza kichwa kumtafuta mwenzake, ile nukta moja ndiyo mlango. Anajua pia woga wa kipa unavyoonekana miguuni kabla ya kuonekana usoni. Elimu hiyo akiweza kuitoa kichwani mwake na kuitia vichwani mwa vijana, basi timu nzima imepata macho yake. Wengi wanashindwa hapo. Wamefunga kwa kipaji na hawajui kueleza walifanyaje. Ukimwuliza anakwambia, "Nilipiga tu." Hilo si somo, hata mwalimu wetu wa Hisabati hawezi kulikubali.

Ulaya wapo waliofaulu. Mmoja ni John Toshack, mshambuliaji kutoka Wales, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza. Naye alizaliwa 1949, rika moja na Kibadeni, katika mji wa Cardiff. Alikuwa mrefu, hodari wa mipira ya kichwa, akaichezea Liverpool miaka ya sabini. Mwaka 1978, hata miaka 30 hajatimiza, akakabidhiwa Swansea City akiwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Swansea walikuwa daraja la nne. Kufikia 1981 walikuwa daraja la kwanza, pamoja na Liverpool aliyoiacha! Baadaye akaifundisha Real Madrid iliyotwaa ubingwa wa Hispania msimu wa 1989 hadi 1990 kwa mabao 107, akaja kuifundisha timu ya taifa ya nchi yake kuanzia 2004, na hata Afrika alifika, akawapa Wydad wa Morocco ubingwa 2015. Namtaja kwa sababu wale waliocheka walisema haijawahi kutokea. Imetokea. Ila Toshack alikuwa na viwanja vya nyasi na mifuko ya Wahispania. Kibadeni hakuwa na hivyo, na ndiyo maana hadithi yake yanigusa zaidi.

Mwaka 1992 Shirikisho la Soka Afrika lilianzisha mashindano mapya, Kombe la CAF, kwa ajili ya timu zilizoshika nafasi ya pili katika ligi za nchi zao. Mwaka uliofuata, 1993, Simba iliingia, na kocha alikuwa Kibadeni. Kikosi kilikuwa na kipa Mohamed Mwameja, beki George Masatu, na akina Hussein Marsha, Malota Soma na Edward Chumila. Mtanzania wa umri fulani ukimtajia majina hayo anatabasamu kwanza, halafu anakunja uso. Nitaeleza kwa nini.

Walianza na Ferroviario wa Msumbiji. Wakaenda na Manzini Wanderers wa Uswazi. Wakawatoa USM El Harrach wa Algeria, na hapo ndipo watu walipoanza kuamini, kwani timu za Kiarabu za kaskazini zilikuwa zikitutesa sana timu za huku. Nusu fainali wakawatoa ASA wa Angola. Ghafla timu ya wachezaji wa nyumbani, chini ya kocha wa nyumbani, iko fainali ya Afrika. Nchini Tanzania jambo hilo lilikuwa halijapata kuonekana. Kenya tulikuwa tumeshaonja, maana Gor Mahia walifika fainali 1979 na wakachukua Kombe la Washindi 1987. SC Villa wa Uganda nao walishafika fainali 1991 na 1992. Tanzania ilikuwa imebaki nyuma ya majirani, na watani wa Yanga safari hii, inasemekana, baadhi yao walivaa nyekundu kimya kimya. Sitaapia hilo.

Fainali ilikuwa dhidi ya Stella wa Abidjan, Ivory Coast. Zilichezwa mechi mbili, kwao na kwetu. Mechi ya kwanza Abidjan ilikwisha 0 kwa 0.

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu watu wengi husema sare ya ugenini ni ushindi. Si kweli kila wakati. Kanuni ya siku zile ilikuwa kwamba mabao yakilingana, aliyefunga ugenini ndiye mshindi. Simba hawakufunga Abidjan. Maana yake, Stella wakija Dar es Salaam wakapata bao moja tu, Simba lazima wafunge mawili. Sare ya 1 kwa 1 ingewapa Stella kombe. Kwa hiyo ile sifuri iliyoshangiliwa Dar usiku ule ilikuwa sifuri yenye mtego ndani. Kocha anayejua hesabu hii ana mambo mawili ya kuchagua. Akishambulia mapema amalize kazi, anaacha mgongo wazi. Akingoja, kila dakika inayopita umati unaanza kunung'unika, na manung'uniko ya mashabiki sitini elfu au elfu ishirini ni yale yale, yanaingia miguuni mwa wachezaji.

Mechi ya pili ilichezwa Novemba 1993 katika Uwanja wa Taifa, ule ambao leo huitwa Uhuru. Mjini hapakuwa na neno jingine. Mfadhili wa timu, Azim Dewji, alikuwa amewaahidi wachezaji magari wakishinda. Wazia mchezaji wa siku zile, anayekwenda mazoezini kwa daladala, anaingia uwanjani akijua kuna gari lake linamngoja upande wa pili wa dakika tisini! Wapo wanaosema ahadi ile iliwatia nguvu. Mimi naona iliwaongezea mzigo. Mtu anayepiga penalti akifikiria zawadi huipiga juu. Tumeona hapa hapa shuleni, na zawadi ilikuwa soda.

Stella walishinda 2 kwa 0. Jina la mshambuliaji wao, Boli Zozo, likabaki Tanzania kama jina la ugonjwa. Timu iliyowatoa Waarabu wa El Harrach ililala nyumbani kwake, mbele ya watu wake, na kombe likapanda ndege.

Nimefikiria sana juu ya Kibadeni jioni ile. Mwaka 1977, mambo yalipokuwa magumu, alikuwa na miguu yake. Angeweza kuuomba mpira na kujaribu. Mwaka 1993 alikuwa na sauti tu, na katika kelele za uwanja ule hata sauti haifiki. Huu ndio uchungu wa kocha aliyekuwa mfungaji, kwamba anaona kabisa mlango uko wapi, na hawezi kwenda kuufungua. Nilipomsimulia yule mwenzetu wa goti jambo hili, alinyamaza, kisha akasema, "Ndiyo. Ni hivyo hivyo." Hakuongeza.

Lakini angalia kilichofuata. Ilipita miaka 30 kamili kabla ya klabu ya Tanzania kufika tena fainali ya Afrika. Ni Yanga, 2023, waliofika fainali ya Kombe la Shirikisho na kulikosa mbele ya USM Alger wa Algeria. Unajua walikosaje? Walifungwa 2 kwa 1 Dar es Salaam, wakashinda 1 kwa 0 ugenini Algiers, mabao yakawa sawa, na ile ile kanuni ya bao la ugenini ikawaangusha. Simba wakafika 2025, wakashindwa na RS Berkane wa Morocco. Yanga walikuwa na kocha kutoka Tunisia, Nasreddine Nabi, na Simba walikuwa na kocha kutoka Afrika Kusini, Fadlu Davids. Kwa fedha zote zilizomwagwa katika miaka hiyo, kazi ya Kibadeni ya 1993, mzalendo akiwa na wazalendo, ilikuwa haijapitwa. Ilifikiwa tu.

Baada ya hapo Kibadeni alipita timu mbalimbali, na sitazihesabu zote. Msimu wa 2012 hadi 2013 alikuwa Kagera Sugar, timu ya Bukoba, mbali kabisa na makelele ya Dar es Salaam. Katikati ya 2013 Simba wakamwita tena nyumbani. Alikuwa na miaka zaidi ya 60. Msaidizi wake alikuwa Jamhuri Kihwelo, maarufu kwa jina la Julio, mtu wa maneno mengi, kinyume kabisa na mzee.

Tarehe 20 Oktoba 2013 ikafika siku ya watani. Yanga, chini ya Mholanzi Ernie Brandts, walifanya walivyotaka kipindi cha kwanza. Mrisho Ngassa alifunga, kisha Mganda Hamis Kiiza akafunga mawili, la mwisho mapumziko yakikaribia. Tatu bila. Mnakumbuka bao la dakika ya 42 mwaka 1977? Sasa lilimrudia mwenyewe. Mashabiki wa Simba wakaanza kutoka uwanjani wakiwahi magari.

Katika chumba cha kubadilishia nguo kocha ana dakika kumi na tano. Wachezaji wanazitumia tano kulaumiana, mbili kunywa maji, na zinazobaki ndizo zake. Kibadeni alifanya jambo ambalo wengi wangeliona ni wazimu: aliwatoa Abdulhalim Humud na Haruna Chanongo, akawaingiza vijana wawili chipukizi, Said Ndemla na William Lucian. Kwa kawaida ukiwa nyuma kwa mabao matatu mbele ya mtani unawatafuta wakongwe. Yeye akatafuta miguu mipya na vichwa visivyo na kumbukumbu mbaya. Sababu naiona hivi: Yanga walishaanza kucheza kwa raha, na timu inayocheza kwa raha inaacha nafasi katikati. Ukiwatia pale watoto wenye pumzi, wanaokimbia bila kujua kwamba wameshashindwa, ile raha inageuka taharuki.

Betram Mwombeki akarudisha moja dakika ya 54. Dakika nne baadaye Joseph Owino, beki kutoka Uganda, akafunga la pili kwa kichwa. Hapo waliotoka nje walikuwa wanagombania kurudi ndani. Dakika ya 85 Kaze Gilbert, beki wa Burundi, akasawazisha. Tatu kwa tatu. Aliyeamsha mashambulizi ni watoto, na waliofunga mawili kati ya matatu ni mabeki. Mfungaji wa mabao matatu ya mechi ya watani aliiokoa mechi ya watani bila kutegemea jina la mshambuliaji mmoja. Wallahi, hapa ndipo nilipofunga kitabu na kwenda kumwomba msamaha yule niliyemcheka.

Je, Simba walimjengea sanamu? Hawakumjengea. Mzunguko wa kwanza wa ligi ulipokwisha, timu ikiwa nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Azam na Mbeya City, aliondolewa, na nafasi yake akapewa Zdravko Logarušić kutoka Kroatia. Sijui mpenzi wa Simba anayesoma haya atasema nini. Mimi naona walikosa subira.

Mwaka 2015 alipewa timu ya Tanzania Bara, Kilimanjaro Stars, kwenda mashindano ya Chalenji nchini Ethiopia. Naomba radhi kwa wenzangu wengi wa shule hii kwa ninalotaka kuandika: mechi yao ya kwanza ilikuwa na Somalia, na Kibadeni akashinda 4 kwa 0. Tumesamehe. Hata hivyo safari yake iliishia robo fainali, alipotolewa kwa penalti na wenyeji Ethiopia, kwa hiyo sisi tuliofungwa nne tulipata pa kutabasamu.

Mbali na timu kubwa, mzee huyu alifungua pia kituo cha kukuza vipaji vya watoto huko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kinachobeba jina lake. Ukifikiri vizuri, kufundisha watoto ni kazi isiyo na mashabiki kabisa. Hakuna anayekata tiketi kumwona mtoto wa miaka kumi akijifunza kutuliza mpira kwa mguu wa kushoto. Unarudia jambo lile lile leo, kesho na mtondo, na matunda yake huenda akayala kocha mwingine, katika timu nyingine, baada ya miaka minane.

Mwenzetu wa goti alikubali filimbi wiki ya pili ya muhula huu. Anafundisha wa Kidato cha Kwanza Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja, jua likipungua. Siku ya kwanza alikasirika akataka kuingia mwenyewe aonyeshe, goti likamkumbusha, akarudi pembeni. Siku hizi amechora uwanja mchangani kwa kijiti, ameweka mawe kumi na moja upande huu na vifuniko vya soda upande ule, na anawauliza wadogo swali moja kila mara: "Beki akigeuza kichwa, wewe uko wapi?" Wiki iliyopita mmoja wao, mdogo kuliko wote, alijibu vizuri kabla hajamaliza kuuliza.